Boriti ya Nusaiba

Ukonga, Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Huku kwetu tuko salama. Lugano kikohozi kimemwacha, yuko darasa la tatu sasa na anakusalimia sana. Miguu yako inaendeleaje? Fredrick aliniambia ilikuwa inavimba ukikaa muda mrefu. Na kakao, mwaka huu zimebeba?

Najua ukiuona mwandiko huu utashtuka. Ni mimi Bupe, mke wa Fredrick. Miaka kumi na moja nimeolewa kwako, na sijawahi kukutazama usoni wala kusema na wewe neno moja, kama mila yetu Wanyakyusa inavyomtaka mkamwana kwa baba mkwe wake. Kwenye msiba wa mama nilikaa jikoni siku nne, na kila ulipopita uani niligeukia ukutani. Sijavunja kitu, Baba. Lakini simu ina sauti na karatasi haina, kwa hiyo nimejiamulia kwamba karatasi inaruhusiwa. Kama nimekosea nisamehe, halafu unijibu hivyo hivyo.

Fredrick amekuficha jambo. Mwezi wa sita alikuwa ananyoosha mguu wa haro, ile ya trekta ya kuvunjia mabonge ya udongo, hapa uani, jeki ikateleza, chuma kikaruka na kumvunja mkono wa kulia mahali pawili. Plasta imetolewa lakini vidole havishiki nyundo. Amepata kibarua cha ulinzi kwenye ghala moja huku Gongo la Mboto, anafungua geti kwa mkono wa kushoto, na kazi ya vyuma hapa nyumbani imelala.

Sasa kuna mama anaitwa Nusaiba. Ana trekta, analimia watu mashamba kule Ruvu. Jembe lake la sahani tatu limegonga kisiki, na boriti yake, kile chuma kinene kinachobeba sahani zote, imepinda kama mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Alilileta kwetu kwa sababu ametuzoea. Nikamwambia fundi anaumwa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Na wewe je? Si wewe niliyekukuta umeshika koleo siku ile?" Nikajikuta nimemwambia aliache.

Baba, miaka saba nimemshikia Fredrick koleo. Kuwasha moto najua, kupampu jeki najua. Nisichojua ni mahali pa kupasha, kiasi cha kusukuma na wakati wa kuacha. Yeye anayajua hayo kwa mkono, na mkono ndio huo. Akijaribu kunieleza anaishia kuchora hewani, kisha anakasirika na kutoka nje. Wewe ndiye uliyemfundisha. Nifundishe na mimi. Nusaiba anataka jembe lake Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, kabla mvua za vuli hazijamkuta mikono mitupu.

Mkamwana wako,
Bupe


Ipinda, Kyela
2 Septemba 2024

Mama Lugano,

Salamu zako zimenikuta nimekaa, na nashukuru kwamba nilikuwa nimekaa. Miguu imepungua uvimbe. Kakao zimebeba vizuri, nyani wakiniachia nitavuna. Mjukuu wangu mwambie asome, na asinywe maji ya barafu.

Barua yako niliiweka chini siku tatu. Nikaenda kumwuliza mchungaji kama karatasi ni uso. Akacheka, maana huyu mchungaji wetu kijana hucheka hata kwenye mazishi. Basi nikaamua mwenyewe kwamba karatasi si uso. Ila simu usinipigie.

Habari ya mkono wa Fredrick imeniumiza. Mtoto wangu avunjike mwezi wa sita, mimi nijue mwezi wa tisa! Mwambie nimekasirika, kisha mwambie namwombea, na ufuate mpangilio huo huo.

Kuhusu kazi, jibu langu ni hapana. Nimenyoosha majembe ya trekta miaka thelathini na nane na nimebaki na vidole vinane. Mwanangu amebaki na mkono mmoja. Sasa unataka na mama wa mjukuu wangu aingie humo humo? Mrudishie huyo mama boriti yake. Fungeni hiyo karakana, uzeni vyuma, mrudi nyumbani. Shamba lipo, na nyumba ya Fredrick nimeshaiezeka bati.

Baba yake Fredrick


Ukonga
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo, na pole kwa nyani. Sisi wazima. Fredrick nilimsomea ile sehemu ya hasira, akainamisha kichwa. Nilipofika kwenye maombi akatoka kwenda kunawa uso.

Nimesoma jibu lako mara mbili na bado boriti iko hapa. Sirudishi. Naomba nikueleze kwa nini, na usinione sina adabu.

Mimi nimezaliwa Temeke. Kakao naijua kwenye pakiti, sijui kama mnaichuma au mnaichimba. Nikija Ipinda nitakuwa mgeni wa kulishwa, nitakaa nyumba ya tatu kutoka kwako nikigeukia ukuta kila unapopita mpaka mmoja wetu afe. Hapa Ukonga najua ninachokifanya. Chuma kikipinda watu wanakuja kwetu, na mimi napenda kazi hii, Baba. Napenda pale kinapokubali. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Fredrick, kwa sababu ni jambo la ajabu kwa mke wa mtu kulisema.

Jirani yangu Zubeda, mwenyeji wa huku huku Pwani, anayechoma vitumbua, amesema atanisaidia kuzungusha feni ya moto. Nilipomweleza kwamba fundi mkuu ni baba mkwe nisiyeruhusiwa kumwona, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani nyie! Mie mkwe wangu namtuma dukani, nyie mnaogopana kama mmeibiana kuku!" Nikamwambia kila nyumba na heshima yake.

Tukubaliane hivi. Boriti ikinyooka na Nusaiba akalima nayo, sisi tunabaki Ukonga, na mimi unihesabu kuwa fundi. Isiponyooka, nafunga uani, nafunga masufuria kwenye mashuka, na tunakuja Ipinda wote watatu. Hutanisikia nikilalamika hata siku moja. Chagua, Baba, ila uchague upesi kwa sababu leo ni tarehe nane.

Mkamwana wako,
Bupe


Ipinda
17 Septemba 2024

Mama Lugano,

Natumai mmeamka salama nyote. Hapa pana joto, na mimi sijambo isipokuwa usingizi, ambao umeuharibu wewe.

Nilidhani Fredrick ameoa mtu mkimya. Miaka kumi na moja nimekuwa nikikusifia ukimya wako kwa watu. Haya, nimekubali. Nimekubali makubaliano yote mawili, ya kubaki na ya kuja, na nitayashikilia yote mawili. Sasa tulia usome, na usiruke mstari.

Kwanza usiwashe moto. Tazama. Ifute boriti udongo wote, kisha vuta uzi kutoka ncha hadi ncha. Pale uzi unapoachana na chuma zaidi ndipo penye tumbo la kupinda. Piga chaki hapo, kisha kiganja kimoja kila upande piga chaki nyingine. Moto usivuke chaki hizo mbili. Vijana wengi huwasha moto kwanza ndipo wanaanza kufikiri, na chuma hakiwangoji.

Ile reli niliyomsaidia Fredrick kuizika uani kwenu bado ipo? Laza boriti juu yake, ifunge ncha zote kwa minyororo, jeki iingie tumboni. Halafu funga mnyororo wa tatu, uliolegea, usioshika kitu. Huo kazi yake ni kudaka chuma kikiruka. Fredrick siku zote aliona ni uvivu kuufunga. Wewe utaufunga hata kama unanyoosha kijiko.

Pasha mpaka chuma kiwe na rangi ya kakao iliyoiva, usizidishe. Kisha sukuma, pumzika, sukuma, pumzika. Kikishapita mstari wa uzi kwa upana wa ukucha, acha hapo hapo, maana kitarudi kidogo. Ukifukie kwenye majivu kilale humo mpaka kesho yake. Maji usiyapeleke karibu na chuma hicho, hata ya kunywa. Ukikipoza kwa maji kitakuwa kigumu, kitakuchekea, na siku ya kwanza shambani kitakatika.

Boriti usiiguse bado. Anza na chuma kibovu, uniandikie kilichotokea.

Baba yake Fredrick


Ukonga
26 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, ila mimi nimeungua nyusi. Zitaota.

Nilichukua ule mguu wa haro uliomvunja Fredrick, nikaona huo ndio unaostahili kuteswa. Uzi nilivuta, chaki nilipiga, mnyororo wa tatu niliufunga. Fredrick alisimama akautazama ule mnyororo. Shida ikaja kwenye rangi. Nimekwambia kakao siijui. Sokoni hakuna, nikamwambia Lugano anitafutie picha kwenye simu ya baba yake. Akanionyesha kakao iliyoiva, ya manjano kama embe dodo. Nikasema sawa, manjano. Zubeda akazungusha feni mpaka akavua mtandio. Chuma kikawa chekundu, kikapita, kikawa manjano, kikaanza kurusha cheche chenyewe bila kuguswa. Nilipokisukuma kilikuwa laini mno, kikajikunja mahali nisipotaka. Nikakifukia kwenye majivu kama ulivyosema. Asubuhi nikakigonga kidogo tu kujaribu, kikavunjika kama kashata.

Baba, nilikaa chini na kile kipande mapajani. Kama ingekuwa boriti ya Nusaiba, saa hizi ningekuwa nafunga masufuria. Nimekosea wapi? Naomba jibu haraka, zimebaki siku kumi na sita. Boriti sijaigusa. Kila asubuhi naifuta vumbi kisha naiacha.

Mkamwana wako,
Bupe


Wazo, Dar es Salaam
5 Oktoba 2024

Mama Lugano,

Habari za huko Ukonga? Utaona juu ya karatasi kwamba sipo Ipinda. Nimefika jana kwa basi, nimefikia kwa mpwa wangu Marselino hapa Wazo, na kiuno changu kinajuta. Kwako nisingeweza kulala, unajua. Barua hii anakuletea Marselino mwenyewe.

Kosa ni langu. Kakao zangu zote ni nyekundu. Zikiiva huwa na wekundu wa moto uliotulia, na miaka yote nimewaambia vijana wa Kyela rangi ya kakao na wakaelewa, kwa sababu wamezaliwa chini yake. Jirani yangu Albano ana za manjano, tena nyingi, na sikumkumbuka. Nimekwenda nikasimama shambani kwake na barua yako mkononi nikajiona mjinga. Manjano ni kuunguza chuma. Kikishafika hapo hakitibiki.

Nilijaribu kukuandikia rangi nyingine, nikachana karatasi nne. Rangi ya chuma haiandikiki. Lazima mtu asimame uione naye.

Nimelifikiria hivi. Jumanne nitakuja saa nne. Wewe utakuwa umeshainama kwenye kazi, umejifunika kanga yako, umenipa mgongo. Mimi nitasimama nyuma, karibu na fensi. Sitasema. Nitaonyesha kwa mkono, na yule jirani yako mwenye maneno ataniangalia mimi na kukuambia wewe. Mkono chini, endelea. Mkono juu, acha. Hivyo hakuna atakayekuwa amemtazama mwenzake wala kusema naye, na kazi itakwenda. Fredrick najua yuko zamu, usimwombee ruhusa.

Baba yake Fredrick


Wazo
9 Oktoba 2024

Mama Lugano,

Umeamkaje? Sikulala vizuri, na sitaki kujifanya.

Jana ulifanya kila kitu sawasawa, nataka hilo liandikwe kwanza. Minyororo ilikaa vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Rangi uliipata, Zubeda alipokuambia "Mzee kasema hiyo hiyo!" niliona mabega yako yakishuka, nikajua umeiweka kichwani na haitatoka tena. Ulisukuma, ukapumzika, kama mtu aliyezaliwa na jeki. Boriti ilikuwa inakuja. Ilifika kwenye uzi, ikapita ukucha, nikainua mkono.

Na wakati huo huo mkaa ukaziba feni, Zubeda akainama kuuzibua. Mkono wangu ukabaki juu. Wewe ulikuwa umenipa mgongo kama tulivyokubaliana, kichwa ndani ya kanga, ukaendelea kusukuma. Nilifungua mdomo nikuite. Mama Lugano, sauti ilikataa. Miaka kumi na moja sijawahi kukuita, sikujua nikuite vipi. Nilisimama pale kama mti wa fensi nikiangalia chuma kinapinda upande wa pili mbele ya macho yangu. Zubeda alipoinuka na kupiga kelele ilikuwa imeshapita vidole vitatu.

Chuma hakipendi kwenda na kurudi. Kila safari inakilegeza. Kinaweza kuvumilia mara moja zaidi, labda, kwa mtu asiyekosea hata kidogo. Leo ni Jumatano na mama huyo anakuja Jumamosi. Nadhani kazi imekwisha. Marselino ananikatia tiketi ya kesho. Lawama ni yangu, na nitalisema hilo mbele ya yeyote, lakini makubaliano ni makubaliano. Nyumba ina bati. Mtanikuta.

Baba yake Fredrick


Ukonga
9 Oktoba 2024, saa sita mchana

Baba,

Shikamoo. Marselino anasubiri nje na pikipiki ya watu, kwa hiyo nasalimia kwa kifupi: tuko wazima, na wewe nakuombea uwe mzima.

Usipande basi.

Umesema chuma kinaweza kuvumilia mara moja zaidi. Basi hiyo mara moja ipo, na mimi naitaka. Asubuhi hii nimevuta uzi tena, nimepiga chaki tena. Nimeipitishia kidole na taa ya simu, hakuna ufa. Mkaa mpya umeletwa. Zubeda amelia tangu jana akidhani ni kosa lake, nimemwambia akauke, nahitaji feni.

Si kosa la Zubeda wala si lako. Kosa ni la mpango. Huwezi kumfundisha mtu moto akiwa amekupa mgongo. Jana nilikuwa nasikiliza mgongoni kwangu, nimesikiliza mpaka shingo ikauma, na hakukuwa na kitu cha kusikia.

Kwa hiyo kesho nitakutazama, Baba.

Usidhani nalichukulia jambo hili kirahisi. Nilifundishwa na mama yangu kabla sijaijua nyumba yako, nami nimeliheshimu hata pale watu wa hapa mtaani waliponicheka. Nilitaka nife nikiwa mkamwana ambaye hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini nikiipoteza boriti hii kwa sababu ya kuficha macho, nitakuja Ipinda na kukaa kwako na hasira, na heshima yangu yote itakuwa ya uongo. Bora nikutazame mara moja kwa kazi, kuliko nikugeuzie mgongo maisha yote kwa kinyongo. Fredrick nimemwuliza. Amesema, "Muulize Baba." Ndiyo nakuuliza. Kama kuna dhambi, nitaibeba mimi.

Saa nane mchana nitakuwa nimeshawasha moto. Ukija utakuta nimekuelekea. Usipokuja nitajaribu peke yangu.

Mkamwana wako,
Bupe


Wazo
10 Oktoba 2024

Mama Lugano,

Pole na kazi. Tiketi nimeirudisha.

Dhambi huwezi kuibeba wewe, mimi ndiye mkubwa. Niachie hiyo. Wewe beba koleo.

Nakuja saa nane. Mwambie Zubeda achekeche mkaa vizuri safari hii.

Baba yake Fredrick


Ukonga
27 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo, na natumai basi halikukumaliza kiuno. Mvua imeanza huku tangu wiki iliyopita, uani kwetu kumejaa matope na Lugano anarudi shule na viatu mkononi. Wote tuna afya.

Uliondoka asubuhi ile ya Ijumaa kabla sijafukua majivu. Ulimwambia Fredrick hutaki kuona, kwamba fundi hufukua mwenyewe. Nilikuelewa, ingawa nilikuwa nataka uwepo. Basi nikuandikie ulichokosa.

Nilifukua saa moja asubuhi. Boriti ilikuwa vuguvugu bado, kama mkate. Fredrick alishika uzi ncha moja kwa mkono wake wa kushoto, mimi ncha nyingine. Uzi ulilala juu ya chuma chote, Baba. Tukajaribu kupitisha karatasi kati ya uzi na boriti, haikupita popote isipokuwa karibu na tundu la mwisho, ambako Nusaiba mwenyewe alisema palikuwa hivyo tangu anunue. Fredrick aliuachia uzi akanishika bega, na mkono alionishika nao ni ule wa kulia. Vidole vimeanza kurudi.

Nusaiba alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Hakusema asante. Alilala chini kwenye vumbi na baibui lake, akafumba jicho moja, akaitazama boriti kwa urefu wote, akainuka akajikung'uta. Akauliza, "Nani kanyoosha?" Nikasema mimi. Akasema, "Haya, nina na haro." Nikasubiri siku zote hizi bila kukuandikia kwa sababu makubaliano yetu yalisema akalime nayo kwanza. Jana amenipigia akiwa shambani, anapiga kelele juu ya trekta. Amelima wiki nzima, amegonga hata mizizi. Imekaa. Kwa hiyo tunabaki.

Sasa lile jingine. Nimejiuliza kama niliandike au nilinyamazie, na nimeona nikinyamaza litakuwa siri, nami sitaki liwe siri.

Ulipoingia nilikuwa nimekuelekea kama nilivyosema, lakini kwa muda niliangalia viatu vyako. Kisha chuma kikaiva na ikabidi niinue macho. Sijui nilitegemea nini. Nilidhani nitaogopa. Nilichoona ni mzee mwenye masikio ya Lugano, yale yale yaliyochomoza, na jasho linakutiririka, na umekunja uso kwa wasiwasi kuliko mimi. Nikasahau mila na nikasahau dhambi. Nilikuona unaangalia chuma, nikajua ni lini unaridhika na ni lini huridhiki, bila mkono wala Zubeda. Nilisukuma nikiangalia uso wako. Halafu ukasema, "Basi."

Ni neno la kwanza ulilowahi kuniambia. Niliachia jeki hapo hapo. Zubeda anasema nililia, mimi nasema ni moshi, na Fredrick ameamua kuwa upande wa Zubeda.

Sikukuitikia siku ile, sikujua inaitikiwaje. Naitikia sasa. Asante, Baba.

Mkamwana wako,
Bupe


Ipinda
1 Desemba 2024

Bupe,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mimi nipo, nakula, natembea mpaka kanisani bila fimbo. Mvua imefika na huku. Kakao nimevuna, nyani wamevuna zaidi.

Huku habari imenitangulia, Marselino ana mdomo. Dada yangu alikuja na kina mama wengine wawili, wakakaa kwenye kigoda na mkeka kwa heshima zote, wakaniuliza kama ni kweli mkamwana alinitazama usoni. Nikawajibu ndiyo, alikuwa kazini. Wakanywa chai, wakaondoka. Dada yangu bado amekasirika. Atazoea, au hatazoea. Mimi nimeshazeeka, na miaka niliyobaki nayo sitaki kuitumia kutafuta ukuta wa kukugeuzia. Mwezi wa sita nitakuja kumwona Lugano, na nitafikia kwenu.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia mengi kuhusu siku ile, na nimeshindwa. Naandika moja tu. Nimefundisha vijana kumi na wanne, wa kumi na tano ni wewe, na sikuwahi kumwona mwingine anayesukuma na kupumzika kwa wakati wake.

Pamoja na barua hii, kwenye buti la basi, kuna boriti ya jembe la Albano, jirani yangu. Amegonga jiwe nalo wiki iliyopita, imepinda sehemu mbili, moja vibaya. Alitaka kuipeleka Mbeya mjini. Nikamwambia yuko fundi Ukonga. Akaniuliza ni nani, nikamwambia. Akafikiri kidogo, kisha akaanza kuifunga kwa magunia.

Kaichukue Jumatano stendi. Maelekezo sikuandika.

Baba